Mercedes-Benz 600: Usiing'oe haidroliki, tafuta panapovuja

SWALI: Nafanya kazi kwenye gereji ya magari ya kale hapa Dubai. Tajiri mmoja ametuletea Mercedes-Benz 600. Vioo vinapanda kwa kujivuta, kiti cha nyuma hakisogei, na mlango wa dereva unavujisha mafuta kwa ndani. Bosi anataka tung'oe mabomba yote ya haidroliki, yaani yanayosukuma vitu kwa presha ya mafuta, tufunge mota za umeme. Nimshauri nini?

JIBU: Fundi mwenzangu, mwombe bosi asiguse kitu kwanza. Gari hilo lilizinduliwa Frankfurt mwaka 1963, na hadi uzalishaji unakoma mwaka 1981 yalikuwa yametengenezwa 2,677 tu. Viongozi Mao wa China, Tito wa Yugoslavia na Mobutu wa Zaire, na wanamuziki Elvis Presley na John Lennon, wote walilimiliki. Injini yake ya V8 ya lita 6.3 ina sifa zake, lakini kinacholitenga na magari mengine ni hayo mabomba mnayotaka kuyang'oa.

Mota za umeme za wakati ule zilikuwa na kelele. Wahandisi wakaamua vioo, viti, hata buti viendeshwe kwa presha ya mafuta, kimya kabisa. Swichi ya mlangoni ni vali yenyewe: ukiibonyeza kidogo kioo kinatambaa, ukiikandamiza kinaruka. Mwenye gari akikaa nyuma, hicho ndicho anachokihisi kidoleni. Ukifunga mota, umemwachia bodi na nembo, na thamani ya gari imeporomoka.

Sasa kazi. Angalia kwanza kiwango cha mafuta kwenye tangi la haidroliki. Mlango ukivuja, tangi hupungua na kila kitu huwa kizito. Kisha zima injini, ubonyeze swichi ya kioo. Kikisogea kidogo tu kikafa, shuku tungi la akiba ya presha, kwamba gesi yake ya nitrojeni imeisha. Kikiwa kizito hata injini ikinguruma na tangi limejaa, geukia pampu. Paneli ya ndani ya mlango wa dereva ifungue mapema, kwa sababu swichi za mlango huo ni nyingi na sili za mpira zilizokauka ndizo huvuja mara nyingi. Mafuta yakishaingia kwenye ngozi ya mlango, doa halitoki.

Tafadhali sana, usilegeze nati hata moja kabla ya kuzima injini na kubonyeza swichi mpaka presha iishe. Mchirizi mwembamba wa mafuta hayo unatoboa ngozi ya mkono, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Mikono pia isikae karibu na buti linapojifunga. Na asije mtu akaongeza mafuta ya breki: yatazivimbisha sili zote, na kazi ya mlango mmoja itageuka ya gari zima.

Vipuri ulizeni Mercedes-Benz Classic Center, Fellbach, karibu na Stuttgart. Ni ghali, kwa hiyo mpeni tajiri hesabu ya mlango mmoja kwanza, mkianza na huo wa dereva.