Vitisho pekee havimlindi mtumiaji

Je, kuwatisha wafanyakazi kwa habari za wadukuzi kunatosha kuwafanya walinde nywila zao? Hapana, kwa sababu hofu humshtua mtu bila kumwonyesha la kufanya. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, vijitabu kuhusu pepopunda, vingine vya kutisha mno na vingine kwa kiasi, na waliokwenda kuchanjwa kwa wingi zaidi walikuwa wale walioelekezwa pia zahanati ilipo na namna ya kupanga muda wa kwenda. Utafiti huo ulihusu chanjo, si kompyuta, lakini naamini unatufaa. Zaidi ya hayo, na hili ndilo linalonitia wasiwasi hasa, mfanyakazi aliyetishiwa adhabu huficha kwamba amebofya kiungo cha ulaghai.