Joto la Mtwara si taa: kuhusu mjusi wa kwanza wa kufuga

SWALI: Shikamoo daktari. Ni kijana wa miaka 22, naishi Mikindani. Nataka kuanza kufuga mjusi. Kuna mtu ananiuzia kinyonga wa porini kwa bei ndogo, na rafiki yangu anasema bora mtoto wa kenge kwa kuwa ni mgumu, haumwi hovyo. Nimesoma habari za taa maalumu za mijusi, lakini huku kwetu joto ni la mwaka mzima, nadhani hizo ni za Wazungu wenye baridi. Nianze na yupi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinyonga mwache, na kenge mwache. Wote ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 huwezi kuwakamata wala kuwamiliki bila kibali. Huyo anayekuuzia kwa bei ndogo muulize karatasi, uone atakavyobadilisha mazungumzo. Kinyonga hanywi maji ya bakuli, anasubiri matone kwenye majani. Akishikwashikwa anagoma kula, na ukija kuona macho yamezama ndani ujue kiu imeshamwingia sana. Kenge wa mtoni naye anafika hadi mita 2, ana meno na mkia wa kuchapa. Utamweka wapi?

Lakini nimeijibu barua yako kabla ya nyingine kwa sababu ya hayo maneno ya taa na Wazungu. Karibu kila mjusi mgonjwa ninayeletewa, mwenyewe anakuja na maneno hayo hayo: "Daktari, huku kuna joto." Joto ni kitu kimoja, jua ni kingine. Mjusi anayeota jua anapata moto wa kumsaidia kusaga chakula, na anapata pia mionzi ya UVB, ambayo ngozi yake huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila D3 utumbo haunyonyi kalsiamu ipasavyo, hata umlishe nini. Damu ikipungukiwa kalsiamu, mwili unaichota kwenye mifupa. Taya linalainika kama mpira, miguu inapinda, vidole vinatetemeka. Ni ndugu wa matege ya watoto.

Na mionzi hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha. Mwaka jana nililetewa pogona, yule mjusi wa Australia mwenye miba shingoni, aliyekaa miezi minane kwenye tangi la kioo kando ya dirisha. Mwenye mjusi aliapa kwamba anaota jua kila siku. Alikuwa anapata mwanga na joto, basi. Nilipomgusa taya, lilibonyea. Kabla ya kufika kwangu alishapitia kwa muuza dawa aliyemwambia ni "homa ya mijusi", akampa unga wa oksitetrasaiklini wa kuku na chupa ya multivitamini, amwagie kifuniko kizima kwenye maji ya kunywa. Antibayotiki haijengi mfupa! Na vitamini A na D zikizidi hazitoki upesi kwa mkojo kama nyingine, zinajilimbikiza mwilini. Kipimo cha ndoo ya kuku wengi kimeingia kwenye mjusi mmoja wa kiganjani. Alikufa siku ya tatu.

Kwa mtu anayeanza, mimi nashauri geko chui, mjusi wa madoadoa mwenye asili ya nchi kavu za Afghanistani, Pakistani na India, aliyezaliwa kwa mfugaji na mwenye vibali vyake vya kuingia nchini. Kama hujampata wa namna hiyo, subiri. Hazidi sana sentimita 25, anatembea jioni na usiku, na hadai mionzi mingi kama pogona. Lakini anaishi miaka 15 na zaidi, kwa hiyo fikiria utakuwa wapi ukifika 37. Kizimba chake kiwe na upande wa nyuzi 31 au 32 na upande wa baridi zaidi, achague mwenyewe. Hapa ndipo joto letu linapogeuka kuwa adui: chumba cha bati mwezi wa Desemba hakina upande wa baridi. Acha pia nafasi pana ya hewa, maana unyevu wa pwani humletea matatizo ya mapafu mjusi wa nchi kavu.

Jua unalo bure. Nusu saa ya saa tatu asubuhi, mara kadhaa kwa wiki, ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, inamsaidia. Usimtoe juani kwenye tangi la kioo wala ndoo ya plastiki, ataiva humo. Siku za mvua na mawingu ndipo taa ya UVB inapohitajika, na ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa kuwa mionzi huisha kabla ya mwanga.

Mlishe nyenje na mende wa kufugwa, uwapake unga wa kalsiamu. Ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukioshwa, ukakaushwa na kusagwa, unafaa. Panzi wa kwenye mikorosho msimu wa kupulizia dawa, hapana kabisa.

Na nyinyi wengine mnaosoma, mnaofuga chochote chenye magamba: muuza dawa akisema mjusi anatetemeka kwa homa au minyoo, kwanza mguse taya la chini taratibu kwa kidole. Likibonyea, rudisha chupa yake. Mpeleke mjusi kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ndani ya boksi la kadibodi lenye kitambaa laini chini, na usimshike kwa mkia wala miguu njiani, kwa sababu mifupa iliyofika hapo huvunjika kwa kushikwa tu.