Kabla Hujakata Tiketi ya Istanbul, Soma Lebo

Oktoba 2022 nilikuwa nimesimama kwenye duka la jumla pale Merter, Istanbul, mkononi suruali ya jinzi ya kike, kitambaa kizito, mshono wa nyuma umenyooka kama umepigwa rula. Muuzaji alishaniita abla, yaani dada, mara sita na chai ilikuwa ya tatu. Kwa mazoea tu ya dukani nikaipindua suruali nitazame mishono ya ndani. Kwenye lebo ndogo ya ubavuni, chini ya maelezo ya kufua, paliandikwa kwamba imetengenezwa Misri.

Nikamuonyesha. Akacheka. "Abla, kitambaa chetu, mashine zetu, mwenye kiwanda wetu. Wamisri wanashona tu."

Nikaona hilo si neno. Tena nikajiona mjanja. Kenya na Misri zote zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa hiyo mzigo wa Misri ukifika Mombasa hauna ushuru. Nikajisemea: nimepata mkono wa Kituruki kwa ushuru wa Kimisri! Nikachukua seri arobaini, maana kule huuziwi kipande kimoja kimoja, unachukua seri, saizi zote za mtindo mmoja zimefungwa pamoja. Ndani ya ndege nilikuwa nahesabu faida.

Hesabu iligeuka Kilindini. Ajenti wangu, mzee aliyeanza kutoa mizigo bandarini mimi nikiwa bado shule, alipekua faili mara mbili.

"Mwanangu, cheti cha COMESA kiko wapi?"

"Mzee wangu, fungua robota lolote. Lebo zote zimeandikwa Misri."

"Lebo si cheti. Na mzigo wenyewe umepakiwa Uturuki. Hapa umeleta nguo za Uturuki."

Julai ya mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imepandisha ushuru wa pamoja wa nguo hadi 35%. Kama hujawahi kukaa na karatasi za forodha, chukua mzigo wa dola 10,000, nauli na bima ndani. Ushuru ni 3,500. VAT ya 16% inapigwa juu ya vyote viwili, yaani juu ya 13,500, inakuwa 2,160. Mzigo huohuo ukiwa na cheti halali cha uasili kutoka Misri, kile cha COMESA alichokiulizia mzee, ushuru ni sifuri na VAT ni 1,600. Tofauti ni dola 4,060, na tozo ndogondogo sijazigusa. Nilichokuwa nimekihesabu ndani ya ndege kama faida kiliishia pale kaunta.

Tangu hapo, kila anayenijia kutaka kujua "Istanbul kunalipa?" humuuliza kwanza: nguo unayoitaka inashonwa wapi? Maana siku hizi nguo nyingi za Kituruki ni zao la nchi mbili, na usipoelewa nchi hizo mbili zinavyofanya biashara kati yao, utalipia uhusiano wao bila kuonja matunda yake.

Uturuki na Misri zilitia saini mkataba wa biashara huru Desemba 2005, nao ukaanza kazi Machi 2007. Kwa lugha ya dukani: jora la kitambaa linatoka Uturuki, linavuka bahari, linaingia Misri bila ushuru, linakatwa na kushonwa huko. Nguo ikikamilika, Misri ina milango ambayo Uturuki haina. Kwetu kuna COMESA. Ulaya inaingia bila ushuru, kama inavyoingia ya Uturuki yenyewe, maana kanuni za nchi za pande za Mediterania zinaruhusu kitambaa cha Kituruki kihesabiwe kana kwamba ni cha Misri. Na Marekani kuna mpango wa maeneo maalumu ya viwanda uliotiwa saini Desemba 2004, ambao unaingiza nguo za Misri bila ushuru kwa sharti kwamba ndani yake kuna malighafi ya Israeli isiyopungua 10.5%. Hapo pana kichekesho kidogo. Mei 2024 Uturuki ilisimamisha biashara yote na Israeli. Lakini Mturuki mwenye kiwanda Misri anayetaka kuuza Marekani kwa njia hiyo, lazima sehemu ya malighafi yake itoke Israeli. Nyumbani ni marufuku, ng'ambo ya bahari ni sharti.

Halafu kuna mishahara. Januari 2024 kima cha chini Uturuki kilikuwa lira 17,002 mkononi, zaidi ya dola 550 kwa wakati ule. Misri, Mei mwaka huohuo, kima cha chini cha sekta binafsi kilipandishwa hadi pauni 6,000, kidogo zaidi ya dola 120. Mshonaji mmoja wa Istanbul ni sawa na wanne wa Misri. Huhitaji shahada ya uchumi kuona cherehani zinaelekea wapi.

Watu hunishangaa ninaposema usiogope sana magomvi ya wakubwa. Nchi hizi mbili zilinuniana miaka kumi. Rais Morsi wa Misri alipoondolewa Julai 2013, Erdoğan, kiongozi wa Uturuki, alikuja juu, na Novemba Misri ikamfukuza balozi wa Uturuki, Uturuki nayo ikajibu vivyo hivyo. Mabalozi hawakurudi mpaka Julai 2023. Ungedhani biashara ilikufa. Haikufa. Mkataba ule wa 2007 haukufutwa, na kwa miaka mingi kati ya hiyo biashara yao ilicheza karibu na dola bilioni 5 kwa mwaka, kana kwamba hakuna aliyemtukana mwenziwe. Kilichokatika kilikuwa kitu kingine, na mimi nilikisikia kwa mzee mmoja wa Laleli, mtaa mwingine wa nguo za jumla Istanbul, mwenye asili ya Mersin, mji wa bandari kusini mwa Uturuki, ambaye ndugu zake wana malori. Vita vya Syria vilipofunga barabara, 2012 Misri na Uturuki zilikubaliana malori yapakiwe kwenye meli na dereva wake, yashuke pwani ya Misri, yakatize nchi kavu hadi Bahari ya Shamu, na kutoka huko yaende Saudia. Mkataba ulipofika ukingoni Aprili 2015, Misri haikuuendeleza. "Siku moja tulikuwa na njia," mzee akaniambia, "siku ya pili tukawa na malori tu."

Kwa hiyo mimi nikisikia marais wamegombana siulizi nani kasema nini. Nauliza ni mkataba gani unaisha mwaka huu. Mkataba usio na tarehe ya mwisho huvumilia matusi mengi. Ule wenye tarehe unaweza kufa kimya, bila mtu kutangaza chochote. Na wakipatana pia usikimbilie kuuza gari uongeze mtaji. Februari 2024 Erdoğan alikwenda Cairo, Septemba Sisi, rais wa Misri, akaenda Ankara, wakasema wanataka biashara yao ifike dola bilioni 15. Mimi nilichongoja ni bei ya zipu.

Ndiyo, zipu. Hiki ndicho kisa kilichonifunza kuliko ushuru wa Kilindini.

Baada ya hasara ile, Januari 2023 nikaruka Cairo mwenyewe. Nimechomwa, nikasema sasa nitanunua mlangoni kwa mshonaji, na cheti mkononi. Nikazunguka mtaa wa Al-Azhar na Mouski siku mbili kupima bei, siku ya tatu nikapelekwa kwenye kiwanda cha kiasi upande wa Shubra El-Kheima. Ghorofa ya kwanza vitambaa, ya pili cherehani kama sitini, ya tatu wanawake wanakata nyuzi na kupiga pasi. Kazi safi. Nikaagiza jinzi na magauni ya Idi, Ramadhani ilikuwa inaanza Machi 23, nikalipa nusu pale pale. Wakaniahidi wiki sita.

Wiki ya tano nikapiga simu. "Insha Allah, madam, kila kitu tayari." Wiki ya saba ikawa, "tayari, bado kitu kidogo tu." Kitu kidogo kilikuwa zipu. Jinzi zote zilikuwa zimeshonwa, zimekunjwa, lakini mbele ziko wazi. Zipu na vifungo vya chuma vilikuwa vinatoka Uturuki, vimekwama bandarini Alexandria, kwa sababu benki haikuwa na dola za kumlipa muuzaji. Mwaka 2022 karibu wote Misri ilikuwa imewalazimisha waagizaji wapitie hati za benki za kuahidi malipo (letters of credit). Sharti hilo liliondolewa mwisho wa Desemba, lakini dola hazikurudi kwa tangazo. Bidhaa zilirundikana bandarini miezi. Mimi Mombasa, nimemlipa Mmisri kwa dola taslimu, ninasubiri Mturuki alipwe dola ambazo Misri haina, ili suruali ifungike!

Mzigo ulifika Mei. Idi ilikuwa Aprili 21. Biashara yetu mnaijua: nguo ya Idi ikifika baada ya Idi ni nguo ya kuombea msamaha. Magauni niliyauza kwa bei ya kununulia. Jinzi zilikwenda polepole mpaka Desemba.

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza vitu vidogo vinatoka wapi. Niliona kitambaa kiko kwenye rafu, nikadhani nguo ipo. Siku hizi kiwandani natazama kitambaa dakika tano, kisha naomba stoo ya vifaa: zipu, vifungo, uzi, lebo, mifuko ya nailoni. Kama havipo ndani ya jengo, tarehe wanayonipa naifanya mara mbili. Na silipi tena nusu. Natanguliza 30%, inayobaki nalipa mzigo ukiwa umeshakaguliwa na cheti kimeombwa.

Cheti nacho kina adabu zake. Anayekiomba ni muuzaji, kwa mamlaka ya Misri inayosimamia bidhaa zinazoingia na kutoka, wala si wewe ukiwa Mombasa na mzigo umeshatia nanga. Kiwanda kiweze kuonyesha kwamba nguo imepata uasili wa Misri, ama kwa kugeuka kutoka kitambaa kuwa nguo, ama kwa thamani iliyoongezwa pale, ambayo kwa COMESA ni angalau 35%. Jina kwenye cheti, kwenye ankara na kwenye hati ya meli liwe ni lilelile, herufi kwa herufi. Nimewahi kusumbuliwa siku nne kwa sababu ya jina la ukoo lililoandikwa kwa tahajia mbili. Na mzigo upakiwe Misri uje kwetu, usipitishwe kwanza dukani Istanbul.

Ndugu zangu wa Kariakoo, hapa msinifuate kichwa kichwa. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo mlango huu si wenu. Rafiki yangu wa Dar alinunua Cairo baada ya kusikia kisa changu, akadhani atalipa sifuri, akanipigia simu kwa sauti ambayo sitaisahau. Eneo huru la biashara la Afrika nzima linafungua mlango mwingine kidogo kidogo. Wenu ni kuwauliza TRA, mamlaka yenu ya mapato, kabla ya safari, bidhaa moja moja. Rwanda na Burundi wao wameingia eneo huru la COMESA tangu 2004.

Kuhusu sarafu, niseme moja tu kwa sababu kila mtu hukosea hapo, na mimi nilikosea mapema. Agosti 2018 lira iliporomoka, ilianza mwaka chini ya 4 kwa dola ikafika 7. Nikakopa haraka nikaenda Laleli nikitarajia kuokota. Bei zote zilikuwa kwa dola. Uzi wa dola, rangi za dola, na muuzaji wa jumla si mjinga. Misri nayo Machi 2024 pauni ilianguka kwa siku moja kutoka 31 hadi karibu 50 kwa dola, watu wakaanza kunitumia ujumbe kwamba sasa Cairo ni bure. Kilichoshuka bei ni mkono wa fundi. Kitambaa cha kutoka Uturuki kilipanda palepale. Kwa hiyo nguo yenye kazi nyingi ya mkono, shanga, darizi, mikunjo, ilipungua kweli. Fulana ya mshono mmoja haikusogea.

Ongeza na meli. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, meli nyingi zilianza kukwepa Suez, na mzigo wa kutoka Alexandria kuja Mombasa, safari ambayo ukitazama ramani ni ya kuteremka tu, ukawa unaweza kuzungushwa Afrika nzima. Mzigo wa msimu nauanza mapema zaidi kuliko zamani, au naukata: ule wa Idi unakuja kwa ndege kidogo, jinzi zinakuja kwa meli taratibu.

Istanbul bado nakwenda. Mitindo inaanzia kule, na ukikaa Merter siku mbili unajua Cairo itashona nini baada ya miezi mitatu. Nanunua seri chache za kuonyesha, napiga picha mshono, nasoma lebo. Zikiwa za Misri, naandika jina la kiwanda kama limechapwa.

Oda yangu ya sasa iko Shubra, kiwanda kilekile, maana kazi yao naipenda na mwenyewe aliona haya. Jana usiku alinitumia picha ya vitambaa, vya rangi ya mawingu, vizuri sana. Nikamjibu nimeviona, ahsante, sasa nitumie picha ya zipu.