Pindo Kwanza: Nilivyojifunza Kupanga Picha kutoka kwa Kanga

Kwa miaka kadhaa nilichora picha ambazo watu wa nyumbani walizisifu kwa upole, kisha wakazipita bila kuzitazama tena. Samaki walifanana na samaki, ngalawa zilifanana na ngalawa, na rangi nilizichanganya kwa uangalifu mkubwa, lakini kila picha ilikuwa kama chumba kilichojaa vyombo, ambacho mgeni akiingia hajui akae wapi. Nilidhani kasoro iko katika mkono wangu, kwa hiyo nikazidisha juhudi katika magamba, kamba za tanga na mikunjo ya mawimbi, na kadiri nilivyoongeza ndivyo picha ilivyozidi kuchosha macho. Siku moja mama alitandaza doti ya kanga kitandani ili aikate na kuipinda, na picha yangu mpya ilikuwa imeegemezwa ukutani hapo karibu. Nilivitazama vitu hivyo viwili kwa pamoja, nikaona kwamba kimoja kilikuwa kimepangwa na kingine kilikuwa kimejazwa tu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza aanzie wapi humjibu kwamba kabla ya kununua rangi achukue kanga moja, aitandike sakafuni, na aisome taratibu kama anavyosoma barua aliyoandikiwa yeye.

Kanga ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama sentimita 110, na ndani yake mna sehemu tatu ambazo mwanamke yeyote wa pwani atakutajia kwa majina: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Kanga ya mama ilikuwa na pindo jeusi lililopangwa korosho nyeupe zilizofuatana bila kukatika, mji wa rangi ya machungwa wenye vidoa vidogo vyeupe, duara moja kubwa katikati, na robo ya duara kama hilo katika kila pembe. Jina lake lilikuwa WEMA HAUOZI. Nilichukua tepu ya kushonea nikapima pindo, nikakuta ni sentimita 16 kwa kila upande. Ukijumlisha upande wa juu na wa chini, sentimita 32 kati ya 110 zilikuwa zimetolewa kwa ajili ya ukingo peke yake, wakati mimi katika picha zangu zote sikuwa nimeupa ukingo hata sentimita moja, kwa sababu niliuhesabu kuwa ni mahali ambapo ubao umekwisha.

Hilo ndilo somo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Ukingo ni sehemu ya kazi, tena ni sehemu inayofaa kuamuliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoliambia jicho lisimame wapi na ligeuke wapi. Pindo jeusi la kanga ile lilikuwa zito na lenye shughuli nyingi, na uzito huo ndio ulioufanya mji wenye vidoa vichache uonekane mpana na mtulivu. Kama mchapaji angezijaza korosho hadi katikati, duara lingepotea, na anayeivaa angeonekana amejifunga nguo isiyo na mwanzo wala mwisho.

Nilipochora picha iliyofuata nilianza na mstari wa penseli sentimita 6 kutoka kwenye ukingo wa hadibodi, pande zote nne, na nikajikataza kuchora chochote nje ya mstari huo mpaka nijue ndani kutakuwa na nini. Ndani niliweka samaki mmoja. Huko nyuma ningeweka saba. Ilinigharimu kweli kumwacha peke yake, maana nafasi iliyobaki tupu ilinitazama kana kwamba nimekwepa kazi, lakini nilipoirudia asubuhi niliona kwamba ile nafasi ndiyo maji, na kwamba samaki sasa alikuwa na mahali pa kuogelea.

Jambo hili Edward Saidi Tingatinga alilijua vizuri. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za mafuta zinazong'aa, zile ambazo watu walizitumia kupaka baiskeli, na katika picha zake nyingi utamkuta mnyama mmoja aliyejaza ubao karibu wote huku nyuma yake kukiwa na rangi moja iliyotulia. Alifariki mwaka 1972, na wachoraji wengi waliomfuata wakawa wanajaza ubao kwa ndege, maua na wanyama wengi. Nazipenda kazi za aina zote mbili, lakini kwa anayejifunza nadhani zile za mwanzo ni mwalimu bora, kwa sababu hakuna anayezitazama akauliza aanzie wapi. Chui yupo mbele yako, na ukishamwona chui ndipo unapoanza kuona madoa yake, kisha mkia ulivyokunjwa ili ufuate pembe ya ubao.

Kuhusu rangi, kosa nililolipia kwa fedha na kwa aibu lilinifundisha kuliko maelezo yoyote. Mwenye mgahawa mmoja aliniomba nimwandikie kibao cha kutundika nje, nami nikachagua maandishi mekundu juu ya kijani kibichi, kwa sababu rangi hizo zilinipendeza nilipozifunua ndani ya makopo. Kibao kilipopanda juu, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara aliona ubao wa kijani wenye michirizi inayotetemeka na hakuweza kusoma hata neno moja. Nilirudi nyumbani na kibao changu. Baadaye nilikipiga picha kwa simu nikaiondoa rangi ili picha ibaki ya nyeusi na nyeupe, na maandishi yakatoweka kabisa, kwa maana wekundu ule na ukijani ule ulikuwa na kiasi kilekile cha mwanga. Jicho letu hutambua ukingo wa umbo zaidi kwa tofauti ya mwanga na giza kuliko kwa tofauti ya rangi yenyewe. Rangi mbili zinaweza kuwa mbali kabisa katika majina yake na bado zikalingana kwa mwanga, na hapo maandishi huzama.

Niliyaandika upya kwa herufi nyeupe, ule wekundu nikaupeleka pindoni, na mwenye mgahawa alikipokea. Tangu hapo sikamilishi kazi bila kuipiga picha ya nyeusi na nyeupe, iwe ni mchoro, kadi ya mwaliko au kitambaa cha meza ninachotaka kudarizi. Asiye na simu ya kufanya hivyo afinye macho mpaka vitu vianze kuwa ukungu, kisha aangalie ni nini kinachobaki kuonekana, kwa kuwa hicho ndicho watu watakachokiona wakiwa mbali. Ukimtazama bibi harusi aliyevaa kanga ya kisutu, kwa ule wekundu, weusi na weupe wake, utaona kwamba hata ukifumba jicho nusu michoro yake inabaki wazi, kwa sababu kuna kilicho cheupe kabisa, kuna kilicho cheusi kabisa, na wekundu unakaa kati yao.

Kuna jambo jingine katika kanga ambalo mchoraji hulisahau akiwa na makopo kumi mbele yake. Katika kuchapa, kila rangi inahitaji chapa yake ya peke yake, kwa hiyo mbunifu hupewa rangi chache na hulazimika kuzitumia zilezile pindoni, mjini na katika jina. Weupe wa korosho unarudi katika vidoa na katika herufi, na weusi wa pindo unarudi katika duara la katikati. Ndiyo maana nguo nzima inasikika kama sauti moja. Mimi sasa hujiwekea mpaka wa rangi tatu pamoja na nyeupe, na ninapotamani ya nne huangalia kwanza kama ninaweza kuipata kwa kuchanganya mbili nilizonazo, kwa sababu rangi iliyozaliwa na zile nyingine huingia nyumbani bila kubisha hodi.

Marudio nilijifunza mahali pengine, katika mkeka. Jirani yetu, bibi ambaye amesuka ukili wa ukindu tangu usichana wake, alinikuta nikichora pambo la kuzungushia sinia la mbao, nikirudia ua lilelile kwa nafasi ileile, na pambo likawa limekauka. Nilimwomba ushauri. "Mwanangu," aliniambia, "umeyapanga maua hayo kama askari. Hebu njoo uutazame huu." Alinionyesha kwa kidole mkeka aliokuwa akiushona: ukili wa zambarau, kisha ukili usiotiwa rangi, kisha wa kijani, kisha tena usiotiwa rangi, na kila baada ya hapo zambarau ilirudi. Nilimuuliza kwa nini anaacha huo usio na rangi wakati rangi anazo, akanijibu, "Ili hizi nyingine zipumzike. Ukizibananisha zitagombana." Nilipolirudia sinia niliacha nafasi tupu baada ya kila maua mawili na nikaligeuza la tatu liangalie upande wa pili. Muda wa kazi ulikuwa uleule, lakini pambo lilianza kutembea.

Ukishaanza kuona hivi, utayakuta mambo hayohayo katika vitu unavyovishika kila siku, na pale ndipo mazoezi yanapokuwa rahisi kwa sababu hayahitaji gharama. Milango ya Zanzibar na Lamu ina nakshi nyingi katika miimo na kizingiti cha juu, huku mbao za mlango wenyewe zikiachwa karibu bila nakshi, na huo ni mpango uleule wa pindo zito na mji uliotulia. Rafu ya jikoni yenye makopo ya chai, sukari na iliki itapendeza zaidi ukipanga makopo marefu pembeni na mafupi katikati, au yote marefu upande mmoja na kitu kimoja kizito upande wa pili, kuliko ukiyachanganya bila kuamua. Vivyo hivyo picha nyingi ndogo ukutani. Hapa hunijia historia ya kanga yenyewe: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa na kushona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana, na hata leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Picha sita ndogo zinaweza kushonwa hivyo ukutani, mradi nafasi kati yake iwe sawa na zote zionekane kuwa ndani ya mstatili mmoja. Mimi huacha vidole vitatu kati ya moja na nyingine.

Kwa wanaopenda kuandika maneno ndani ya picha, ushauri wangu ni mfupi: itazameni kanga ilivyoliheshimu jina. Aina moja ya herufi, ukubwa mmoja, mstari mmoja, na nafasi ya kutosha kila upande. Mimi huacha pande zote nafasi isiyopungua kimo cha herufi moja, na kama nafasi hiyo haipatikani napunguza maneno, sipunguzi nafasi.

Limebaki suala la kutundika, ambalo wengi hulifanya kwa haraka baada ya kutaabika siku nyingi na brashi. Picha ya samaki mmoja niliitundika kwanza mahali ambapo mtu aliyesimama angeitazama vizuri, kwa kuwa ndivyo nilivyoona katika maonyesho. Lakini chumba chetu cha nyuma ni cha kukaa chini. Mama huchambua mchele pale juu ya mkeka, watoto huandikia pale kazi za shule, na wageni wa karibu hunywea pale chai, na wote hao walikuwa wakiona sehemu ya chini ya ubao na mwangaza uliorudishwa na rangi ya mafuta. Niliketi mkekani, nikaweka alama ukutani mahali macho yangu yalipofikia, kisha nikaushusha msumari sentimita 60 hivi. Jioni ile mama alikuwa na ungo mapajani, akanyanyua macho, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama samaki yule ni changu au ni tasi.