Kondo limegoma kutoka

SWALI: Shikamoo daktari. Mtamba wangu wa Borani alizaa juzi alfajiri, ndama dume, mzima na ananyonya vizuri. Shida ni kondo la nyuma: mpaka leo linaning'inia hadi magotini na limeanza kunuka. Jirani anasema nilifungie jiwe lishuke lenyewe. Nifanye hivyo?
Mama mfugaji, Chalinze

JIBU: Marahaba, mama. Hilo jiwe liache lilipo, na jirani msalimie tu. Kondo bado limeshikamana na mji wa mimba. Likivutwa linachanika, ng'ombe anatoka damu, na kipande kinachobaki ndani kinaoza. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Kata sehemu inayoburuta chini tu, asiikanyage, kisha umpime joto. Likizidi nyuzi 39.5, au akisusa majani, mwite mtaalamu wa mifugo leo leo. Na usiliguse kwa mikono mitupu! Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, huwapata watu kwa njia hiyo hiyo. Vaa glavu. Likitoka, lifukie chini sana, mbwa wasilifukue.