Darubini au triga kwanza kwa AR-15 ya shabaha?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba bunduki yako ya AR-15 ni ya kulenga shabaha za karatasi huko Texas, kati ya mita 50 na 200, na unauliza kama fedha zako ziende kwenye darubini au kwenye triga, yaani kifyatulio. Kwa maoni yangu, anza na darubini, kwa sababu huwezi kupiga vizuri kitu usichokiona vizuri.

Kifaa cha nukta nyekundu, kinachokuonyesha nukta ya mwanga pa kulenga bila kukuza, ni chepesi na cha haraka, lakini nukta ya dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) hufunika takriban sentimita 6 kwa mita 100, na kwa mita 200 hufunika karibu 12, yaani duara lote la katikati unalolilenga. Aidha, mwenye astigimatizimu, kasoro ya umbo la jicho, huiona nukta hiyo imechanuka kama nyota. Mimi ni mmoja wao, na ndiyo maana natumia darubini ya ukuzaji wa mara 1 hadi 6, ambayo alama zake zimechongwa kwenye kioo.

Usibane matumizi kwenye vishikio vya darubini. Vifunge kwenye reli ya Picatinny, ile yenye mifereji juu ya bunduki, ukivisukuma mbele hadi vigote, kisha kaza skrubu kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwani skrubu iliyolegea huhamisha mahali risasi inapopiga ukadhani kosa ni lako.

Triga ya hatua mbili, ambayo huvutwa kwanza kwa wepesi hadi ikaze ndipo ifyatue, ifuate baadaye. Mengine yasubiri, risasi za mazoezi zitakufaa zaidi.