Mwalimu wa safu ya michezo Mtwara, bahasha zake nilikuwa nazibeba mimi

Mkuu umeuliza mwandishi wa safu ya michezo huku mikoani ana ushawishi wowote au anajaza ukurasa tu. Mimi nimekulia kwenye meza ya magazeti ya mjomba wangu hapa Mtwara mjini, na kuna mzee mmoja (jina naliweka kapuni, wanawe wapo humu) aliandika safu miaka mingi sana, sisi tulimwita Mwalimu tu maana alikuwa anafundisha kweli.

Kwanza ujue kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 basi linaloleta magazeti kutoka Dar lilikuwa linasubiri kivuko pale mto Rufiji, masika ndo usiseme, gazeti la Jumatatu tunaliuza Jumatano, saa zingine Ijumaa. Matokeo watu washayasikia redioni zamaaani. Kwaiyo hakuna aliyelifuata gazeti ili ajue nani kashinda, walifuata Mwalimu kasemaje. Na wengi hata hawanunui, wanakodi, unampa mjomba hela kidogo unasoma hapohapo umesimama unarudisha, ikifika jioni ukurasa wa nyuma umelainika kama kitambaa.

Alikuwa anaandika kwa mkono kwenye karatasi za mistari, anatia kwenye bahasha, mimi namkimbizia kondakta wa basi la alfajiri. Malipo ni kwa makala iliyotoka, isipotoka imekula kwake. Ikitoka imekatwa anakuja mezani anahesabu aya zake kwa kidole, anasonya, anaondoka bila kuaga. Kilichomlisha ni chaki na mikorosho, tusidanganyane.

Pale uwanja wa Nangwanda hakuwahi kukaa jukwaa kuu. Anakaa juani na wauza karanga, ana daftari la shule, kila beki akipoteza mpira anaweka mstari. Sasa kuna beki wa kulia mmoja alimwandika kwamba anaingia mpira kwa mguu uleule hata pale unapotakiwa mguu mwingine, ndo maana anapitwa kila siku. Kesho yake asubuhi jamaa huyu hapa mezani. Nikajua leo meza inapinduliwa. Kumbe kusoma kulikuwa kunamsumbua, akaniambia dogo nisomee. Nikasoma huku natetemeka. Akakaa kimya, akasema "hebu rudia hapo pa mguu". Nikarudia kama mara tatu hivi, akaondoka. Baada ya wiki kadhaa tukawa tunamuona jioni peke yake anapiga mpira ukutani kwa kushoto. Hapo ushawishi unaoulizia upo au haupo?

Ila kilichomgharimu ni mambo ya mlangoni. Kuna klabu ilitangaza mapato ambayo ukigawa kwa kiingilio unapata watu wachache kuliko waliokaa upande mmoja tu aliokaa Mwalimu, na yeye alikuwa kawahesabu mstari kwa mstari. Akaandika. Viongozi wakamzuia kuingia bure, kitambulisho cha uandishi hakikusaidia kitu, akawa anakata tiketi kama mimi na wewe. Wengine mtaani wakamnunia, eti anaichafua timu ya nyumbani. Lakini mechi zilizofuata ukipita jukwaani unakuta vijana wanahesabu vichwa kwa sauti, na mhasibu anawasikia vizuri tu.

Kitu kingine alichokiimba mpaka watu wakachoka ni korosho. Alikuwa anasema huku kusini hela ipo Oktoba mpaka Desemba, timu iuze tiketi za msimu mzima kipindi hicho, ukisubiri Machi mkulima hana kitu unamlaumu bure haipendi timu. Ndanda, timu ya hapa Mtwara, walipopanda ligi kuu 2014 akaandika hivyohivyo, hakuna aliyemsikiliza. Namungo ya Ruangwa ilipopanda 2019, halafu mwaka uliofuata ikafika fainali ya FA kule Sumbawanga ikafungwa na Simba 2-1, Mwalimu alishaacha kuandika sababu ya macho, ila alinitumia voisi ya dakika saba kuhusu kiungo wao. Dakika saba wakuu, kiungo mmoja!

Makala zake za zamani mchwa wamekula nyingi. Mimi zimebaki nazo kumi na kitu nimezikata vizuri, anayetaka kusoma aje mezani, ila hizi hazikodishwi.